Salamu za Bi Mwajuma

Leodegari alitikisa kengele kwa nguvu zote, akiomba mama mkwe wake afumbe mdomo. Mama hakufumba.

"Shikamoo," alisema bi Mwajuma kutoka kando ya njia, amepiga magoti kwenye majani yenye umande, macho yake yakiwa kifuani pa Padre. "Umeamka salama? Mlima leo una utelezi, pita taratibu."

Padre alipita kimya. Masikio yalikuwa yamemwiva kama pilipili.

Jumapili iliyotangulia alikuwa ametangaza kanisani, tena kwa kurudia. Anapompelekea mgonjwa Komunyo, hasalimii mtu wala hasalimiwi, maana amembeba Bwana mwenyewe kifuani, ndani ya kifuko cha hariri. Watu wapige magoti, wanyamaze. Mwanafunzi wa ubatizo atakayemsemesha Padre njiani, huyo bado hajamtambua anayepita. Atarudi darasani mwaka mzima.

Na bi Mwajuma alikuwa abatizwe Jumapili inayokuja. Jina la Veronika alikuwa ameshalichagua, shuka jeupe limeshafuliwa, mbuzi ameshafungwa uani. Wenzake wa rika lake walikuwa wamezikwa wote, na Leodegari, katekista wa kijiji, hakuwa na hakika kama mama huyu ana mwaka mwingine wa kungoja. Kuhusu mkewe Anastasia alikuwa na hakika kabisa: mama akiachwa nje, Leodegari atajipikia mwenyewe mpaka kiama.

Sasa angemnyamazisha vipi? Anayetangulia na kengele naye haruhusiwi kunena. Tena mkwe ni mkwe. Mwanamume wa Kiluguru hamkazii macho mama wa mkewe, sembuse kumkemea. Hata katekisimu alimfundishia nyuma ya ukuta wa fito, yeye uani, mama jikoni. "Mungu yuko wapi?" ilikuwa ikiingia kupitia matundu, na "Mahali pote" ikirudi kwake pamoja na harufu ya maharage.

Basi alikuwa na kengele tu, akaitikisa.

Njia ya watu iliuzunguka mlima kwa madaha, lakini ya mbuzi ilikata moja kwa moja, na bi Mwajuma aliijua ya mbuzi. Walipofika kona ya pili, juu ya shamba lake, walimkuta amekwisha piga magoti, anahema na kuchekelea.

"Viazi vimekubali," alisema. "Umeviona? Asante sana. Majirani walisema havitaota huku, nikawaambia ngojeni muone."

Mbegu za viazi hivyo zilitoka misheni, kwa hiyo Leodegari aliielewa shukrani hiyo. Ila hata shukrani ina saa yake. Alitikisa kengele mpaka kuku wa jirani wakakimbilia migombani.

Kona ya tatu palikuwa na umati uliopiga magoti, na katikati ya umati alikuwamo yeye yule, na safari hii kapata hata nafasi ya kuchuma maua.

"Shikamoo tena. Huyu mjukuu anayekuja usimsahau, mama yake usiku halali. Na kwangu unapajua, mlango haufungwi."

Mabega ya watu yakaanza kutikisika. Mzee mmoja alijiziba mdomo kwa kofia. Bi Mwajuma kumwamkia kijana ambaye ndevu hazijamjaa! Siku zote Padre ndiye aliyemwamkia, naye akimwitikia na kumwita mwanangu. Hata akida wa Wadachi, alipokuja na askari wake kudai kodi, aliambiwa kwamba boma linaweza kuchukua kuku, lakini shikamoo ya mwanamke mzima halina mahali pa kuiweka. Leo anaigawa njia nzima. Leodegari alikata shauri kwamba furaha ya ubatizo imemlevya mama wa watu. Kicheko kilimpanda tumboni, akakiuma kwa meno mpaka machozi yakamtoka, na Padre nyuma yake akadhani katekista analia kwa uchaji.

Juu kabisa mgonjwa alipokea Komunyo, akatabasamu, akalala. Kifuko cha hariri kilibaki kitupu. Ukimya ukawa umekwisha, watu wakaruhusiwa kusema.

Waliporudi, bi Mwajuma alikuwa ameketi juu ya jiwe, anamenya muwa. Alimtazama Padre tangu viatu mpaka kofia, kama mtu anayengoja haki yake. Leodegari alimgeuzia mama mgongo jinsi adabu inavyotaka, akaishika kengele isilie.

"Shikamoo, mama," Padre alisema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima."

"Mama, Jumapili nilisema nini?"

"Ulisema tusikusemeshe ukiwa umembeba Bwana. Nimelishika neno lako."

"Umelishika?" Sauti ya Padre ilipanda. "Nawe umenisalimu kona hata kona! Nitakubatizaje?"

Leodegari alifumba macho. Aliliona shuka jeupe likirudishwa sandukuni, akamwona na Anastasia amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Mgongoni pake alisikia mama mkwe akiangua kicheko.

"Nikusalimu wewe? Wewe ndiyo kwanza nakusalimu sasa hivi, mwanangu. Asubuhi nilikuwa nazungumza na uliyembeba."