Kidani cha Mzee Kibwana

Sheria ilikuwa wazi: asiyeamini dini alivishwa kidani shingoni, na kila alipoketi kula na watu au alipoitikia dua, kidani hicho kilimtangaza kwa sauti mbele ya wote. Mzee Kibwana alikivaa kwa hiari, kwani aliona kuwa si heshima mtu mzima kuficha yaliyomo moyoni mwake.

Siku binti yake Mwanaidi alipoposwa, kidani kilifunikwa kwa kola ya kanzu, naye mzee hakuketi. Alishika birika na beseni, akawanawisha wageni, kwa kuwa Mwanaidi alikwisha kuwaambia kwamba baba yake ni marehemu.

"Basi tumwombee baba wa bibi harusi," alisema mjomba wa mchumba. Dua ikasomwa, na wote wakaitikia amina isipokuwa mshika birika.

"Mzee, mbona huitikii? Marehemu alikukosea nini?" mjomba alitania, na watu wakacheka.

Mzee Kibwana akafungua kinywa aseme ukweli.

"Msamehe, mjomba," Mwanaidi akawahi. "Ni bubu tangu azaliwe."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akafunga kinywa na kuinamisha kichwa.

"Mtumishi asiyesema!" mama wa mchumba akafurahi. "Huyu uje naye, mwanangu. Wa kwetu wanaropoka mno."

"Nitakuja naye, mama," alijibu Mwanaidi, "hana shida, hata jikoni analala." Kisha akamnyooshea baba yake mikono ili anawishwe.