Folda ya Mzee Kihwelo

Programu mpya ya kuchorea madaraja ilifunguka vizuri, lakini mchoro ulitokea bila nondo hata moja. Injinia Sikudhani alisoma onyo kwenye skrini: faili za nondo hazikuonekana. Fundi aliyeisakinisha alikuwa amenakili mipangilio ya kompyuta ya zamani, na sasa programu ilitafuta kila faili katika folda ya Mzee Kihwelo, mhandisi mkuu wa ofisi aliyezikwa mwezi uliopita.

"Injinia, zege linakorogwa," alisema msimamizi Mwalyego, aliyekuja kuchukua mchoro. "Au tumwage daraja lisilo na mifupa?"

"Nondo zipo, kaka. Zinatafutwa kwa marehemu."

Sikudhani alifuta njia za faili moja baada ya nyingine, akaandika zilizo sahihi. Nondo zikarejea, nguzo kwa nguzo. Ikabaki njia ya mwisho, ya faili lenye jina la mhandisi, linalochapwa kwenye pembe ya mchoro. Katika ofisi ile, mwenye jina hilo ndiye aliyeitwa kujibu daraja likipasuka. Kwa miaka tisa Sikudhani alichora, na Kihwelo akaitwa.

"Bado nini?" aliuliza Mwalyego.

"Nahesabu."

Alizihesabu nondo zote upya, kisha akaandika njia ya folda yake mwenyewe, akachapisha. Karatasi ilianza kutoka polepole, nguzo zikitangulia. Pembe yenye jina ilikuwa bado ndani ya mashine.