Mbweha Aongoza Msafara wa Mpaka

Hivi nyie, mmewahi kumwona mwizi akiwaalika aliowaibia waje kuusifu uzio wake? Basi Mbweha, msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja tajiri kijijini Uingereza, zamani kabla ya viwanda, aliyazungushia uzio malisho ya wote. Vifaranga wa Bi Bukini, bata mbishi, wakabaki nje wakililia majani.

"Private, mama!" Mbweha alimfokea.

"Kimombo hakishibishi watoto, baba," alijibu Bi Bukini.

Sasa kijiji kile kilikuwa na mila. Kila mwaka majani yakichipua, wote waliufuata mpaka wa kijiji kwa miguu, watoto waukariri, na kukwepa kulikuwa mwiko: penye kijito unaogelea, penye kizuizi unavunja. Mbweha, mpenda sifa, akajitia kuongoza msafara. Akatembea kifua mbele mpaka pua yake ikagota kwenye uzio wake mwenyewe, uliokatiza njia.

"Tuzunguke kidogo, jamani," alisema kwa sauti ndogo.

"Zunguka tu, boss!" Bi Bukini alicheka. "Mwakani nasi tutazunguka, tupitie sebuleni kwa bwana wako!"

Msafara mzima ukaangua kicheko. Mbweha, kwa kumhofia bwana wake, akaipiga teke nguzo ya kwanza. Zilizobaki nguruwe wa msafara walizimaliza kwa shangwe, na vifaranga wakajitosa majanini hadi shingoni.

Nanyi mliozungushia uzio ardhi, maji na ajira za wote, ng'oeni nguzo zenu leo hii, kabla hatujafika!