Mahali pa Tausi

Februari 2014, wiki moja kabla ya mashindano, Melkiori alikuwa akiwazoesha mbwa wake kuvuta sleji, gari lisilo na magurudumu la kuteleza kwenye theluji, juu ya ziwa lililoganda, karibu na mji wa Maplewood. Ghafla barafu ilipasuka, na Tausi, mbwa wa mbele, akatumbukia majini.

Melkiori alitambaa kwa tumbo hadi ukingoni, akamshika mkanda wa shingoni. Kila alipomvuta, barafu ilizidi kumeguka. Kamba iliyowaunganisha mbwa wote ilikaza, na wawili waliomfuata Tausi wakaanza kuteleza kuelekea shimoni.

“Baba Elinaja, kata kamba!” mkewe alipiga kelele kutoka ufukweni. “Utazama nao wote!”

Tausi ndiye aliyemrudisha hai katika dhoruba ya mwaka juzi, Melkiori mwenyewe akiwa hajui tena njia. Sasa alimtazama kwa utulivu, sharubu zimeshaganda, akingoja avutwe.

“Nisamehe, mama,” Melkiori alimwambia Tausi, akakata kamba. Tausi akazama.

Alipowafikisha wengine kwenye barafu nene, aliwaamuru waende. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wamegeukia maji, masikio yamesimama.

Melkiori alishika ncha ya kamba iliyokatwa, akaipitisha begani, akasimama mbele yao, mahali pa Tausi. Akaanza kuvuta sleji.