Sufuria ya Mlango wa Kuni

Njoka aliichukua sufuria mpya ya Lydiah, akaipindua, akaanza kuipaka masizi.

"We! Unafanya nini na sufuria yangu?"

"Madam, hii inang'aa kama kioo. Nani ataamini imepika muthokoi asubuhi yote?"

Walikuwa nyuma ya hoteli ya Njoka, pale Siakago, kwenye mlango wa kuingizia kuni. Lydiah alikuwa amepita nyuma ya maduka, leso imemfunika hadi puani. Mwanamke mzima, karani wa serikali, ananyata kama mwizi wa kuku! Lakini angefanyaje? Saa saba mama mkwe wake angefika na mashangazi wawili kumwonja mkono. Ndivyo walivyofanya watu wa kwao Kithaka, mumewe. Bibi arusi alistarehe miezi mitatu, kisha wanawake wa ukoo wakaja, wakaketi, wakala muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, na hukumu ikatolewa papo hapo. Mke wa kaka yake Kithaka aliuunguza wake mwaka wa sabini na nne. Sasa watoto wake wako sekondari, na bado anaitwa Mama Moshi.

Lydiah alizaliwa Embu mjini, akalelewa kwa wali na chapati. Mahindi ya kukoboa kwa kinu aliyaona kwa majirani tu. Jana yake alijaribu. Alitwanga hadi viganja vikatoka malengelenge, akachemsha hadi kuni zikaisha, na mahindi yakabaki kokoto tupu. Kithaka alitafuna kijiko kimoja, akamtazama kwa huruma, akasema, "Usijali. Mama atahamia hapa mwezi mmoja akufunze."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkimbiza kwa Njoka. Mama mkwe mwenyewe, Nelius, alikuwa bingwa. Muthokoi wake ulisifiwa kutoka Siakago hadi Kiritiri, na ni kwa ajili yake ukoo mzima ulijigamba kwamba hakuna mtu wao aliyewahi kutia chakula cha hoteli kinywani. Tena alikuwa mkali. Akipika, hata mwanawe hakukanyaga jikoni. Alisema macho ya watu huyazuia mahindi kuiva. Kuishi na mtu kama huyo mwezi mzima, jiko moja! Lydiah alikuwa radhi kuiba.

Njoka aliijaza sufuria, akaifunika, akanyunyiza jivu kidogo juu ya kifuniko. Kisha akamkagua Lydiah mwenyewe.

"Ukifika, washa moto uinamie moshi mpaka ulie. Mtu ametoka kupika hawezi kuwa na macho safi hivyo."

"Umeyajulia wapi haya yote?"

"Hoteli ilikuwa ya mzee wangu, Mungu amlaze pema. Tumeona watu."

Kizingitini alilala paka mwekundu mwenye sikio lililochanika. Lydiah alipomruka, paka alimparura kifundo cha mguu.

"Huyo ni Chifu," Njoka alisema akicheka. "Hapiti mtu mlango huu bila yeye kujua. Hapendi wageni, lakini akikuzoea atakulalia miguuni. Inachukua miaka, lakini!"

Saa saba wageni walifika. Lydiah aliwapokea kwa macho mekundu na kikohozi cha kweli. Shangazi Cicily, mkubwa wao na mwenye ulimi wa upupu, aliomba sala ndefu, akaingiza kijiko. Akatafuna. Akafumba macho.

"Nelius," Cicily alisema hatimaye, "huyu mtoto ametoa wapi mkono wako? Ni ule ule!"

Kithaka alionja, akamgeukia mkewe kama mtu aliyeona maji yakigeuka divai. Nelius alikula taratibu, akanywa kikombe cha maji, akaomba cha pili.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa, akaingia Chifu.

Alikuwa ameifuata harufu ya sufuria kutoka sokoni hadi nyumbani.

"Hii si ile paka ya kwa Njoka?" Cicily aliuliza, kijiko kikiwa hewani.

Paka alimpita Cicily, akampita Lydiah, akaingia chini ya meza. Akajisugua miguuni kwa Nelius, akalala juu ya viatu vyake na kuanza kukoroma.

"Paka ni paka," Nelius alisema, huku akijiongezea muthokoi. "Wekundu wote wanafanana. Kula, Cicily, chakula kinapoa."

Cicily akala, tena akaongeza. Sahani zilipokuwa tupu mashangazi walisimama wakapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia juu ya ua. Lydiah alikuwa amepita! Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nelius alivikusanya vyombo, akamfuata jikoni, akaufunga mlango kwa kisigino. Aliinua sufuria, akapitisha kidole chini yake, akayaangalia masizi. Kisha akayaangalia macho mekundu ya Lydiah, kwa muda mrefu. Lydiah aliinama. Alianza kujiuliza watamwita nani. Mama Hoteli, labda.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Nelius alinong'ona. "Lakini ukirudi, mwambie Njoka apunguze chumvi. Mimi hanisikii kabisa. Marehemu baba yake ndiye alikuwa ananisikia."