Feni ya Lori la Samaki

Mtu aliyemuua Tom aliingia karakana ya Mamboleo saa tatu asubuhi, akaomba maji ya kutia kwenye rejeta.

Absalom, fundi wa karakana, alimpa. Alimpa hata kiti, baada ya kukipangusa vumbi. Mgeni hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa kwenye mvuke uliofuka mbele ya lori.

"Fundi, hii gari imenimaliza," Gordon alisema. "Nimebadilisha thamostati, rejeta nimeosha, pampu ya maji ni mpya. Ikisimama, iko sawa. Ikianza tu kupanda Kericho, inachemka. Miaka mitatu! Samaki ya Dunga inaniozea njiani, wateja wananikimbia. Nilikuwa na lori tatu, omera. Imebaki hii."

"Pole sana, mzee," Absalom alisema. Moyoni alisema: bado.

Kusema kweli, Gordon hakumuua Tom kwa mkono wake. Alimsingizia dereva wake huyo wizi wa betri, akamkabidhi kwa polisi, na wiki tatu juu ya sakafu ya seli iliyojaa maji zikamharibu kifua. Tom alitoka anakohoa damu, na mwezi haukuisha, akafa. Baadaye betri ilionekana kwa shemeji yake Gordon. Gordon hakuja kuomba msamaha. Hata mazishini kule Ahero hakufika, na kwa Wajaluo, tajiri asiyefika kumzika mtu wake ameutukana ukoo mzima. Ndiyo maana hakuijua sura ya Absalom, ndugu wa marehemu. Jina nalo halikumfungua macho, kwani mmoja alikuwa Oduor na mwingine Odero, kila ndugu na jina lake la kuzaliwa, si la baba.

Absalom alikuwa ameapa kwamba kaburi la Tom halitatiwa saruji mpaka Gordon aanguke. Kila mafuriko yalipoingia kule Ahero, bonde la Kano, udongo ulimomonyoka, na Seline, mjane wa Tom, akaurudisha kwa jembe huku akilia. "Shemeji, inatosha," alimwambia mara nyingi. "Tutie saruji, apumzike." Absalom hakutaka kusikia. Apumzike vipi, na aliyemdhulumu bado anatembea na tumbo mbele?

"Kesho napeleka mzigo kwa hoteli moja kubwa Nairobi," Gordon aliendelea. "Wamesema nikichelewa tena, basi. Na hiyo ikienda, mimi nimekwisha. Nitauza hii gari kama chuma."

Absalom aliinama akaitazama injini. Feni haikuwa ile ya kuzungushwa na mkanda. Ilikuwa ya umeme, imetolewa kwenye gari bovu la Kijapani na kufungwa nyuma ya rejeta.

"Feni yako haina nguvu, mzee. Waya zake ni nyembamba. Nitaitilia nene."

"Fanya, fundi. Wewe fanya tu."

Feni kama hiyo kazi yake ni kuvuta upepo kutoka mbele, upite kwenye rejeta na kuipoza. Lakini ina nyaya mbili, na ukizibadilishia nafasi inazunguka kinyume. Hapo inausukuma ule upepo urudi ulikotoka. Kwa macho huoni tofauti, na mvumo ni ule ule. Utajua tu ukiwa mlimani, mbali na fundi, maji yakiwa yanatokota.

Absalom alizibadilishia nafasi. Kisha akatia waya nene kweli kweli, ili feni ikosee kwa nguvu zake zote. Kwa kawaida, akimaliza kazi ya feni, huweka ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta kuona kama unavutwa au unapeperushwa. Siku hiyo hakujisumbua. Ya nini? Anayebomoa hapimi.

Lori lilipotoka, alimtuma mtu kwa Seline na ujumbe mmoja: anunue saruji, mifuko miwili. Malipo ni hapa hapa duniani. Usiku alilala usingizi mzito, na kesho yake alifanya kazi huku akipiga mbinja. Kila lori lililopita likitoka njia ya Kericho alilitazama, akangoja kusikia kwamba la Gordon limekufa mlimani. Hakuona haya hata kidogo. Alikuwa na furaha, na aliona ni haki yake.

Siku ya tatu, lori la Gordon liliingia karakana likiunguruma vizuri. Gordon aliruka chini, akamkumbatia fundi na mafuta yake yote.

"Haikuchemka! Hata kidogo! Nimepanda Kericho na mzigo mzima, sindano imelala tu chini. Hoteli wamenipa kazi ya mwaka mzima. Asante, fundi! Erokamano ahinya!"

Absalom aliokota gazeti kuukuu, akamwomba awashe injini na aiache ipate moto. Feni ilipoanza, aliuweka ukurasa mbele ya rejeta. Ukanasa pale pale. Akauachilia, haukuanguka. Feni ilikuwa inavuta. Na kama sasa ilikuwa inavuta, basi kabla hajaigusa ilikuwa inasukuma.

"Mzee," aliuliza, "hii feni ulifungiwa na nani?"

"Dereva wangu wa zamani, kijana anaitwa Tom. Huyo alijua umeme, wacha! Ilikuwa ile siku nilimwitia polisi. Askari wako hapo kwa mlango na pingu, mimi nikasema hapana, kwanza amalize feni yangu. Na akamaliza, bwana. Hata alikuwa anacheka. Akaniambia, 'Mzee, utanikumbuka kila mlima.'"