Masikio ya Chumba Safi

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Maombi alipiga deki sakafu ambayo haikuwa na hata chembe ya vumbi.

Alivaa ovaroli nyeupe, kofia ya kitambaa, glavu na barakoa. Yaliyoonekana ni macho tu. Kila aingiaye humo huvaa hivyo, maana unywele mmoja ukidondoka kwenye setilaiti unaweza kuharibu kazi ya miaka mitatu. Setilaiti yenyewe ilisimama katikati ya chumba, kubwa kama friji, imeviringishwa karatasi ya dhahabu kama zawadi ya harusi.

Wageni wawili waliizunguka. Walikuwa wametumwa na nchi za Maziwa Makuu waje kuikagua hapa Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, katika kiwanda cha kampuni ya Fjällgnista, kabla ya kusaini kuinunua. Kiongozi wao, mhandisi Benedicta, alimpita Maombi bila hata kumtupia jicho.

Hilo ndilo alilolitegemea Thomas, mkuu wa mauzo.

Jumatatu Thomas alikuwa amemwita Maombi kwenye jiko la ofisi, akafunga mlango.

"Kwenye simu huwa unaongea Kiswahili, sivyo?"

"Ndiyo. Mimi ni mtu wa Uvira, huko Maziwa Makuu."

"Wageni wetu wakitaka kushauriana, hugeukia Kiswahili, nami nabaki kutazama midomo. Wewe pita tu karibu yao na dekio lako, kisha uniambie."

Maombi aliutazama mlango uliofungwa.

"Miaka sita sasa unaletwa hapa na wakala wa vibarua," Thomas akasema. "Wakisaini, nakupa kazi ya kudumu."

"Ni watu wa kwetu hao, Thomas. Nipe mpaka kesho, nifikirie."

Kesho yake alikubali, ila alitaka ahadi ile iandikwe. Thomas akaiandika na kutia sahihi. Hakuwa na namna. Mteja wa kwanza wa setilaiti ile alikuwa ameikimbia, na hawa wa pili walikuwa wamekwama kwenye jambo moja: usukani. Fjällgnista ilitaka kuiongoza yenyewe kutoka Stockholm. Anayetaka igeuzwe kutazama mahali fulani, atume ombi, saa za kazi.

"Mvua zetu kubwa hunyesha karibu na Pasaka," Benedicta alikuwa amesema kikaoni. "Na Pasaka ninyi mnafunga ofisi siku nne. Mto ukivunja kingo Ijumaa Kuu, nani atapokea simu yangu?"

Thomas alitabasamu, akasema jambo hilo litatazamwa. Maombi, aliyekuwa akikusanya vikombe, aliinamisha kichwa. Mto wa aina hiyo aliujua. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, mama yake alikaa siku mbili juu ya paa akisubiri mtu wa kumteremsha.

Sasa, mbele ya setilaiti, wageni waligeukia Kiswahili.

"Hawa wamenichosha," Benedicta alisema, polepole na kwa sauti iliyotulia, kama msomaji wa taarifa ya habari. "Wafaransa wako tayari kutupa usukani."

"Kwa hiyo tusisaini?" aliuliza Gervas, msaidizi wake.

"Wasipobadilika leo, kesho tunapanda ndege kwenda Paris."

Gervas alifungua mdomo, akaufunga, akatazama dari. Maombi akakohoa ndani ya barakoa.

"Na mafundi wetu kumi!" Gervas akasema harakaharaka. "Waje kusomea hapa."

"Kumi. Asipungue hata mmoja."

Dakika kumi baadaye Maombi alikuwa ofisini kwa Thomas, jasho likimtoka. Mambo ya siri hakuyazoea. Alieleza yote, neno kwa neno.

Thomas aliishiwa rangi. "Paris? Una hakika wamesema Paris?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nifanye nini sasa?"

"Mimi ni mtu wa usafi, Thomas. Ila kwetu, mtu akikupa kabla hujamwomba tena, unaona haya kumkatalia."

Saa nane mchana Thomas alisimama kikaoni, uso umemjaa ukarimu. Akatangaza kwamba kampuni imetafakari: usukani wote utakabidhiwa wanunuzi, na mafundi kumi wataletwa kusoma mwaka mzima.

Benedicta alisikiliza, uso mkavu. Akanong'onezana na Gervas. Akatikisa kichwa kama mtu anayebembelezwa na bado hajaridhika.

"Haya," akasema mwishowe. "Kesho asubuhi tutasaini."

Thomas alimkuta Maombi koridoni, akamkonyeza.

"Ungewaona! Hawana hata habari!"

"Maskini," Maombi akasema, akaendelea kupiga deki.

Jioni, jua likiwa bado juu, aliteremka kituo cha treni cha Hallunda, karibu na kwake, na mfuko wa sombe, majani ya muhogo, mkononi. Alipanda ngazi taratibu. Miguu ilimuuma. Kambale, mumewe, alimfungulia mlango huku ameshika mwiko wa kusongea bugali, akampokea mfuko na kurudi jikoni.

Sebuleni, viatu vimevuliwa, bakuli la karanga katikati yao, walikaa Benedicta na Gervas.

"Shikamoo, mama mdogo," Benedicta akasema, akifungua daftari kwenye ukurasa mpya. "Haya, na kesho tuseme nini?"